Kama Dhahabu Ingalipikwa: Tafakuri ya Mhakiki Juu ya Alkemia na Historia Mbadala

Mnamo mwaka 2019 mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea pendekezo la utafiti la kurasa kumi na mbili, na nyuma yake akawa ameambatisha sura moja ya hadithi aliyoitunga mwenyewe. Pendekezo lilihusu riwaya za historia mbadala, hususan zile ambamo alkemia, yaani ile elimu ya kale ya kugeuza madini duni yawe dhahabu, imefaulu na kuwa sayansi kamili yenye kanuni, vyombo na wataalamu wake. Sura iliyoambatishwa ilikuwa kielelezo cha jinsi utanzu huo ungeweza kuandikwa kwa Kiswahili. Nilizisoma kurasa zake jioni moja, nikazirudisha asubuhi yake. Pambizoni nilikuwa nimeandika swali moja kwa wino mwekundu: haya yanatuhusu nini sisi? Kamati ya idara ililikataa pendekezo hilo baada ya majuma mawili, na sauti yangu katika kamati hiyo haikuwa ndogo.

Ninaandika makala haya kwa sababu swali langu lilikuwa na jibu, nami sikulingoja.

Yafaa nieleze nilikotoka ili msomaji asidhani kwamba nilifanya hivyo kwa uvivu. Sisi tuliofunzwa uhakiki mwishoni mwa miaka ya tisini tulilelewa juu ya imani kwamba fasihi ni kioo cha jamii na silaha ya wanyonge. Kazi iliyokwepa uhalisi wa mwananchi tuliipa jina la kazi ya ndoto, na jina hilo halikuwa sifa. Hata Nagona ya Kezilahabi ilipotoka mwaka 1990 na Mzingile mwaka mmoja baadaye, wengi wetu tulizipokea kwa mashaka kwanza, tukazisifu baadaye tulipoona wakubwa wamezisifu. Kwa hivyo nilipoona mwanafunzi akitaja Isaac Newton, zebaki na kimondo kiangukacho juu ya London, mkono wangu ulikwenda kwenye kalamu nyekundu kabla akili haijafika. Nilikuwa na hoja, tena nilizitamka vizuri mbele ya wenzangu. Nilisema tuna njaa, tuna migogoro ya ardhi, tuna vijana wasio na kazi. Je, ndiyo tuwapeleke wanafunzi wakachunguze mambo ambayo hayakutokea, katika nchi ambayo si yetu, kwa nguvu ya elimu ambayo haipo?

Mwanafunzi yule alikuwa ameniazima nakala yake ya riwaya aliyokusudia kuichunguza, nami sikuwa nimeifungua. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, nilirudi nyumbani Kakamega nikiwa na mzigo wa vitabu, na kitabu hicho kikawa miongoni mwao kwa bahati tu. Nilikisoma kwa siku nne, kibarazani, huku mjomba wangu akikohoa chumba cha pili. Mjomba huyo nitamrejea.

Riwaya yenyewe inaitwa Newton's Cannon, nayo ni ya Mmarekani Gregory Keyes, mwandishi aliyesomea anthropolojia. Ilichapishwa mwaka 1998, ikafuatwa na nyingine tatu hadi mwaka 2001. Msingi wake ni badiliko moja. Newton wa kweli alitafuta siri ya alkemia kwa miaka mingi asiipate; Newton wa Keyes anaipata mnamo 1681, anapofanikiwa kuunda zebaki ya wanafalsafa, kitu chenye uwezo wa kuathiri mitetemo ya maada na ya hewa ya juu iitwayo etha. Kuanzia hapo historia inachepuka. Louis wa 14, aliyefariki dunia mwaka 1715 katika historia tuijuayo, anakunywa dawa ya uzima na kuendelea kutawala. Uingereza na Ufaransa zinapigana kwa silaha zilizozaliwa katika maabara ya wanaalkemia. Barua huandikwa huku zikajiandika kule, ng'ambo ya bahari, kwa chombo chenye vioo pacha vilivyolinganishwa. Benjamin Franklin, ambaye bado ni kijana tu katika matbaa ya kaka yake mjini Boston, anakirekebisha chombo hicho, ananasa mawasiliano ya wanazuoni asiowajua, na kwa kiherehere cha ujana anaikamilisha hesabu iliyokuwa imewashinda. Hajui kwamba hesabu hiyo inatafutwa na mwanasayansi wa mfalme wa Ufaransa ili kukiita kimondo kutoka angani kiangukie London. Na kimondo kinaanguka.

Sitadai kwamba riwaya hii haina dosari. Fukuza-fukuza zake ni nyingi kupita kiasi, na baadhi ya wahusika wakubwa wa kihistoria wanaingia na kutoka kama wageni wa harusi waliokuja kula tu. Hata hivyo tukio la Franklin na hesabu ile lilinikamata, likanilazimisha kufikiri upya juu ya jambo nililokuwa nikilifundisha kwa miaka kumi na tano bila kulikagua.

Kwa kawaida tunapofundisha fantasia tunaanza na Todorov, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1970 aliufanya wasiwasi wa msomaji kuwa kiini cha utanzu: msomaji asiweze kukata shauri kama analolisoma lina maelezo ya kimaumbile au la. Kisha tunatoa mifano yetu wenyewe, mathalani Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ambamo ndugu wawili wanageuzwa kuwa manyani. Lakini mgeuko ule ni sihiri. Una mwenyewe, una sababu yake ya kimaadili, na hauwezi kurudiwa na mtu mwingine mtaa wa pili kwa kufuata maelekezo. Alkemia ya Keyes ni kinyume chake kabisa. Hakuna anayeitilia shaka. Inauzwa, inafundishwa, ina vifaa vinavyoharibika na kutengenezwa. Na kwa kuwa ni sayansi, haina mwenyewe. Yeyote afuataye hatua zake atapata tokeo lile lile, awe mwema au mwovu, awe mfalme au mtoto wa mtengeneza mishumaa. Ndiyo maana kijana wa Boston anaweza kushiriki katika mauaji ya mji mzima bila ya kumchukia mtu yeyote. Katika dunia ya sihiri tungemtafuta mchawi. Katika dunia hii hakuna mchawi wa kutafutwa, ila kuna hesabu iliyokamilika. Ni kweli kwamba nyuma ya etha Keyes ameweka viumbe wasioonekana wenye njama zao, awaitao malakim, na masikio ya Mswahili hayawezi kukosa kusikia malaika ndani ya jina hilo. Lakini kwangu mimi viumbe hao wanapunguza makali ya hadithi. Hesabu ya Franklin ilitosha.

Baada ya kuimaliza riwaya nilimtafuta Newton wa kweli, na hapo ndipo nilipoanza kuona haya. Newton aliandika juu ya alkemia maneno yapatayo milioni moja. Alichoma, akayeyusha na kukereka madini katika maabara yake ya Cambridge, akanakili vitabu vya watangulizi wake, na akanyamaza kimya juu ya hayo yote mbele ya umma. Alikuwa na sababu ya kunyamaza: tangu mwaka 1404 palikuwa na sheria ya Uingereza iliyopiga marufuku kuzidisha dhahabu na fedha kwa njia za kialkemia, nayo haikufutwa hadi mwaka 1689. Maandishi hayo yalikaa gizani zaidi ya karne mbili, hadi yalipopigwa mnada mjini London mwaka 1936, na sehemu kubwa ikanunuliwa na mwanauchumi John Maynard Keynes. Keynes alipoyasoma aliandaa mhadhara uliosomwa mwaka 1946 na nduguye, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki, ambamo alimweka Newton mwishoni mwa safu ya waganga wa kale badala ya kumweka mwanzoni mwa zama za mantiki. Kwa hivyo Keyes hakubuni Newton mwanaalkemia. Alibuni kufaulu kwake tu.

Na lipo jambo la mwili. Mwaka 1693 Newton alipatwa na msukosuko mkubwa wa akili. Hakulala, akawaandikia marafiki barua za tuhuma ambazo baadaye aliziombea radhi. Mwaka 1979 nywele zinazosadikiwa kuwa zake zilipimwa, zikakutwa na kiasi kikubwa cha zebaki. Wapo wanaoyaunganisha mambo haya mawili na wapo wanaopinga, wakisema kwamba dalili nyingine za sumu hiyo hazikuonekana kwake. Mimi si tabibu. Nilisoma habari hiyo usiku, na kulipokucha nikamwona mjomba akijaribu kuinua kikombe cha chai kwa mikono yote miwili.

Mjomba wangu ni mchimbaji wa dhahabu. Kakamega iliwahi kuwa na mbio zake za dhahabu katika miaka ya 1930, Wazungu wakafurika, na mgodi mkubwa wa Rosterman ukafanya kazi hadi ulipofungwa mwaka 1952. Wazungu waliondoka, mashimo yakabaki, na watu wetu wakaingia humo kwa sururu na kamba. Mawe hupandishwa juu, hupondwa na kusagwa yawe unga, na unga huoshwa kwa maji. Kisha hutiwa zebaki. Zebaki huzitafuta chembe za dhahabu zisizoonekana kwa macho na kuzikumbatia, ikawa donge moja laini la rangi ya fedha. Donge hilo hukamuliwa kwa kitambaa, likawekwa juu ya moto katika kopo. Zebaki hupanda ikawa mvuke. Mahali palipokuwa na donge jeupe hubaki kipande cha njano chenye vitundu kama sifongo.

Niliyaona hayo nikiwa mtoto wa miaka minane. Kwa macho ya mtoto ilikuwa dhahiri kwamba kitu cheupe kimegeuka dhahabu. Mjomba hakuwa akiita zebaki kwa jina hilo, aliiita dawa. Miaka thelathini na zaidi baadaye nikagundua kwamba neno la Kiarabu la kile kitu kiwezacho kugeuza madini, al-iksir, linahusishwa na neno la Kiyunani la unga wa kukaushia vidonda. Wanaalkemia nao waliiita dawa. Mjomba hakusoma Jabir ibn Hayyan, wala mimi sikuwa nimemsoma, lakini tulikuwa tukikaa katika nyumba yake bila kujua. Kwani tazama maneno yenyewe. Nadharia inayonasibishwa na Jabir ilisema kwamba madini yote hutokana na kuungana kwa vitu viwili, zi'baq na kibrit. Sisi tunasema zebaki na kiberiti. Madini duni yaliyotamaniwa kugeuzwa yaliitwa rasas. Sisi tunasema risasi, na tunaposema hivyo wengi wetu husikia mlio wa bunduki kabla ya kufikiria chuma kizito cha kijivu. Dhahab ni dhahabu, fidda ni fedha, na fedha imekuwa jina la kila pesa. Lugha yangu ilikuwa imehifadhi kabati zima la mwanaalkemia, nami mwalimu wa lugha hiyo nilikuwa nimemuuliza mwanafunzi wangu mambo hayo yanatuhusu nini.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba msamiati hautoshi, kwamba asili ya maneno si hoja. Ninakubali. Natuache maneno, tuzungumzie sarafu.

Newton aliacha Cambridge mwaka 1696 akawa mwangalizi wa kiwanda cha kupiga sarafu cha serikali mjini London, na miaka michache baadaye akawa mkuu wake. Mtu aliyeshindwa kutengeneza dhahabu alikabidhiwa dhahabu ya taifa zima. Sarafu kuu ya dhahabu siku hizo iliitwa gini, na ripoti ya Newton mwenyewe ndiyo iliyosababisha thamani yake iwekwe kuwa shilingi 21 mwaka 1717. Jina hilo lilitoka wapi? Lilitoka Guinea, pwani ya Afrika Magharibi. Sarafu hizo zilianza kupigwa mwaka 1663, na zile zilizopigwa kutokana na dhahabu iliyoletwa na kampuni ya kifalme iliyofanya biashara Afrika zilitiwa alama ndogo ya tembo chini ya kichwa cha mfalme. Kampuni hiyo hiyo ilinunua na kuuza watu. Kwa haki ya historia niongeze kwamba enzi ya Newton kiwandani sehemu kubwa ya dhahabu ilikuwa ikitoka Brazili kupitia Ureno. Lakini ni nani waliokuwa wakiichimba kule Brazili? Walikuwa Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo.

Hapa ndipo ninapomkosoa Keyes, na ninamkosoa kwa heshima. Riwaya yake ya kwanza inagawanya matukio yake baina ya Boston, Versailles na London. Anajua sana gharama ya sayansi katika vita. Vitabu vinavyofuata vinampa nafasi kubwa mhusika Mchoctaw kutoka miongoni mwa wenyeji wa Amerika, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini dhahabu yenyewe, ambayo ndiyo iliyokuwa shabaha ya alkemia kwa karne na karne, haimshughulishi sana. Alkemia yake inazaa mwanga, mizinga na mawasiliano. Kwa hivyo haulizi swali ambalo msomaji wa huku hana budi kuliuliza. Kama Newton angalifaulu kupika dhahabu, je, tembo yule angalichorwa? Merikebu zile zingalikwenda Guinea kufuata nini? Huenda zingalikwenda vivyo hivyo, kwa ajili ya sukari na watu wa kuilima. Huenda Ulaya, ikishakuwa na dhahabu kama mchanga, ingalitafuta adimu nyingine ya kuifia na kuiulia. Sijui. Lakini swali hili si la kukimbia uhalisi. Linaugusa uhalisi mahali ambapo riwaya zetu nyingi za kihalisia hazijawahi kuugusa.

Wanafunzi wangu walio vijana zaidi wamelipata jambo hili mahali ambapo sikutarajia, katika katuni za Kijapani. Mchoraji Hiromu Arakawa alitoa Fullmetal Alchemist kati ya mwaka 2001 na 2010, hadithi ndefu ya nchi ya kubuni ambamo alkemia ni taaluma ya serikali na wanaalkemia ni askari wenye vyeo. Kanuni yake kuu ni kwamba kila upatacho lazima ulipe kitu cha thamani sawa. Ndugu wawili wanajaribu kumfufua mama yao. Mmoja anapoteza viungo, mwingine anapoteza mwili mzima. Wanalitafuta jiwe la mwanafalsafa kwa kuwa inasemekana linaivunja kanuni hiyo, kisha wanagundua kwamba jiwe halikuivunja kamwe, kwa sababu limetengenezwa kwa roho za watu. Bei imelipwa, ila imelipwa na wengine. Nilipoisoma sehemu hiyo nilifikiria tembo chini ya kichwa cha mfalme. Nilikuwa nimewadharau wanafunzi wanaosoma katuni hizo ndani ya matatu, na leo sina uhakika kwamba mihadhara yangu juu ya utumwa na fasihi iliwahi kuwafikia kwa kina hicho.

Sasa nije kwenye sura ya mwanafunzi, ile iliyoambatishwa nyuma ya pendekezo.

Aliipanga Kilwa. Uamuzi huo peke yake ulistahili kunizindua. Tunajua kwamba al-Razi, mwandishi wa Kitab al-Asrar na mwanaalkemia mkubwa kuliko wote wa zama zake, alifariki mnamo 925. Tunajua pia kwamba katika miaka hiyo hiyo, mnamo 916, al-Mas'udi alisafiri katika pwani yetu na baadaye akaandika juu ya dhahabu ya Sofala. Wakati mmoja alikuwa akichemsha vyombo vyake kutafuta njia ya kuipika dhahabu, mwingine alikuwa akielezea nchi ambako dhahabu inapatikana bila kupikwa. Biashara ya dhahabu hiyo ndiyo iliyoitajirisha Kilwa baadaye, ikajenga msikiti wake mkuu na jumba la Husuni Kubwa, ikamvuta Ibn Battuta aje kuitazama mwaka 1331, na ikawavuta Wareno waje kuiteka mwaka 1505. Mji huo, kwa kinyume cha ajabu, ulipiga sarafu zake nyingi kwa shaba. Mwanafunzi wangu aliuliza: je, kama mmoja wa wanafunzi wa al-Razi alifaulu? Sura yake inaanza na karani wa forodha ya Kilwa akikitazama chombo kilichorudi kutoka Basra na shehena ile ile kilichoondoka nayo. Hakuna aliyeinunua. Dhahabu huko inapikwa. Karani anarudi nyumbani, anamwambia mkewe kwamba mafundi wa mawe waachishwe kazi. Hakuna vita, hakuna mazimwi. Kuna mji unaosimamishwa katikati ya kujengwa kwake.

Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba mwaka ule dhahabu ilishuka thamani ikawa chini ya chokaa. Nilikata kitenzi, nikaandika juu yake kwa wino mwekundu: ingalishuka. Nikaendelea hivyo kurasa ishirini. Kila penye -li- niliweka -ngali-, kwa kuwa mambo hayo hayakutokea, na sarufi ya Kiswahili ina kiambishi maalumu kwa mambo ambayo hayakutokea na hayawezi tena kutokea. Tukisema mvua ingalinyesha mahindi yangalimea, msikilizaji anajua kwamba mvua haikunyesha na kwamba msimu umekwisha pita. Kiambishi hicho ni mlango uliofungwa. Nilijiona ninalinda lugha.

Leo ninaona kwamba nilikuwa nimeufuta utanzu mzima kwa kalamu. Maana historia mbadala ni ule ujasiri wa kutumia -li- pale ambapo mtu mwenye tahadhari angetumia -ngali-. Ukiiandika kwa -ngali- inakuwa majuto, na fasihi yetu ya majuto tayari ni tele. Ukiiandika kwa -li- karani wa forodha anakuwa mtu, mkewe anamjibu, mafundi wanakunja zana zao, na msomaji anapofunga kitabu ndipo anapogundua kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyegeuka kuwa -ngali-. Kwa kuwa ikiwa Kilwa haikustawi, je, lugha hii niandikayo ingaliupata upana wake? Pengine ingaliupata kwa njia nyingine. Pengine ingalibaki lahaja za vijiji vichache vya uvuvi. Kurasa zile ishirini zilikuwa zimeandikwa kwa lugha ambayo katika dunia yake zenyewe huenda isingekuwepo, na mwanafunzi, niliporejea kurasa hizo kwenye faili, alikuwa ameligusa jambo hilo waziwazi katika aya ya mwisho ya pendekezo. Sikuwa nimefika aya ya mwisho.

Wa kale walikuwa makini kuliko sisi. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, aliikanusha alkemia kwa hoja kadhaa, na mojawapo ni ya kiuchumi: dhahabu na fedha zimejaaliwa kuwa adimu ili ziwe kipimo cha thamani ya kazi na mali za watu, kama zingeweza kutengenezwa, hekima hiyo ingebatilika. Karani wa mwanafunzi wangu ni hoja hiyo iliyopewa mwili. Ibn Khaldun aliongeza jambo lingine ambalo hunichekesha kila mara. Alisema kwamba Ibn Sina, aliyeikana alkemia, alikuwa waziri mwenye mali, ilhali al-Farabi, aliyeikubali, alikuwa maskini asiye na hakika ya chakula. Tunaamini kwa kadiri ya njaa yetu. Mhadhiri mwenye mshahara, kadhalika, huona urahisi kuwaambia wengine wasiote.

Na kwa kweli alkemia sasa imefaulu. Mwaka 1941 wanafizikia wa Harvard waliigeuza zebaki kuwa dhahabu kwa kuipiga nyutroni, lakini dhahabu hiyo ilikuwa yenye mnururisho na haikudumu. Mwaka 2025 watafiti wa CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, walitangaza kwamba katika majaribio yao ya miaka 2015 hadi 2018 viini vya risasi vilivyopishana kwa kasi ya kukaribia ile ya mwanga vilizaa dhahabu ya pikogramu 29, yaani sehemu 29 katika trilioni ya gramu moja, nayo ikadumu kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Risasi imekuwa dhahabu. Ndoto ya Jabir imetimia katika mtambo wenye mzingo wa kilomita 27, na bei ya dhahabu ya Kakamega haikutikisika kwa senti moja.

Habari hiyo nilimsimulia mjomba. Kwa sasa hashuki tena shimoni. Mikono yake haiwezi kushika kamba. Nilimweleza Newton, kimondo, karani wa Kilwa na mtambo wa Uswisi, kwa mfuatano huo, naye alisikiliza kwa adabu kama anavyosikiliza redio. Mwishowe akaniuliza:

"Mpwa wangu, hao wa Uswisi, mvuke wake unakwenda wapi?"

Nilimwambia hauna mvuke. Akanyamaza kidogo, kisha akasema basi hiyo si dhahabu.

Mwanafunzi aliondoka chuoni baada ya pendekezo lake kukataliwa, akawa mwalimu wa shule ya upili. Mwaka jana nilimwandikia barua nikamweleza yote haya kwa ufupi, nikamrudishia kitabu chake, na kumwomba alilete pendekezo upya. Amelileta. Sura ya Kilwa ameirefusha, vitenzi vyote viko katika -li-, na Guinea ameipa sehemu yake. Katika fomu, mahali pa jina la msimamizi, ameandika jina la mwenzangu mmoja wa idara. Nilimpigia simu kumuuliza kama ni kosa la uchapaji.

"La, Daktari," akasema, "si kosa."

Kamati itakutana Alhamisi ya wiki ijayo. Nimeomba nizungumze wa kwanza.